Mama Fua Anayemfunza Mumewe Kupanda Ngazi za KICC

Saa tatu asubuhi, Jael Nasipwondi yuko juu ya fleti ya ghorofa tano mtaani Kabiro, Kawangware, akianika nguo za watu. Huanza na shuka kwa sababu zinakula kamba, kisha suruali. Nguo za ndani huziweka katikati, zifichwe na zile kubwa, ili mwenyewe asione haya majirani wakipanda kuanika zao. Kila baada ya nguo mbili tatu husimama, kibanio mdomoni, akatega sikio upande wa mlango wa ngazi.

Anasikiliza kikohozi.

Kikisikika karibu, anajua mumewe amepanda. Kikisikika mbali, anajua bado amekaa. Leo kinasikika mbali, na kwa muda mrefu hakisogei.

"Amekwama kwa ya pili," anasema bila kugeuka. "Jana pia ilikuwa ya pili."

Huko chini, Geoffrey Wepukhulu, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, ameketi kwenye ngazi kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Mikono ameilaza juu ya magoti, kofia ya sufu ameivuta hadi masikioni, na mabega yake yanapanda na kushuka kama ya mtu aliyetoka kukimbia. Amevaa viatu vyeusi vya ngozi vilivyopigwa rangi asubuhi hiyo hiyo. Ni viatu vya kanisani, lakini mkewe anataka avizoee kupandia ngazi, kwa kuwa ndivyo atakavyovaa siku yenyewe.

Kavoi, mtunzaji wa fleti hizo, anapanda na ndoo na fagio. Haruki miguu ya mtu mzima. Anasimama, anangoja Geoffrey aivute.

"Mzee, ukiendelea kukaa hapa nitaanza kukuitisha rent ya ghorofa ya pili."

"Nipatie kwanza risiti ya ile ya kwanza," Geoffrey anamjibu, maneno yakikatika njiani kwa kukosa pumzi.

Kavoi anacheka na kupita. Ni yeye aliyewaruhusu watumie ngazi hizo, mradi wasiwasumbue wapangaji na mzee asiteme mate ukutani. Geoffrey hubeba kitambaa mfukoni kwa ajili hiyo.

Siku yenyewe ni Jumatatu ijayo. Siku hiyo Jael anapanga kumpeleka mumewe katikati ya jiji, wapande hadi juu ya KICC, lile jengo la mviringo ambalo kila Mkenya amelishika mkononi kwa kuwa limo kwenye noti zetu. Wawili hawa wameishi Nairobi zaidi ya miaka thelathini. Hakuna kati yao aliyewahi kufika huko juu.

Wana sababu ya kuharakisha. Jumatano ya wiki hiyo hiyo, kaka yake Geoffrey aitwaye Nashon anakuja kutoka Bungoma kumchukua. Akishaingia basi hilo, hakuna anayetarajia kwamba atarudi tena Nairobi.

Geoffrey alikuwa mtu wa mjengo. Alianza kwa kubeba mchanga na kokoto, kisha akafundishwa kusaga sakafu za terazo kwa mashine, zile sakafu zenye vijiwe vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta. Kazi hiyo ililipa kuliko kubeba mchanga, na aliifanya kwa miaka mingi, kitambaa kimefungwa puani, madirisha ya nyumba mpya yamefungwa ili vumbi lisiende kwa majirani.

Vumbi hilo lilienda kifuani. Kwanza aliacha kuimba kanisani, kisha akaacha kubeba mtungi wa maji. Mwaka jana aliacha kazi. Daktari wa kliniki aliwaambia kuwa mapafu yameshika vumbi na kuwa haliwezi kutolewa, ila dawa ya kuvuta itamsaidia apumue.

"Mimi kazi yangu ni kutoa uchafu kwa nguo za watu," anasema Jael. "Huo wa kifua chake sikuweza."

Tangu hapo nyumba inasimama kwa mikono ya Jael, ambaye ana miaka hamsini na minne. Siku nzuri anapata shilingi mia tano, siku ya kawaida mia tatu, na kuna siku anakaa kwenye jiwe lake kando ya barabara pamoja na wanawake wengine hadi jua linakuwa la utosi na hakuna aliyemwita. Ngozi ya vidole vyake imekuwa nyembamba na nyeupe kwenye maungio, na sabuni ya unga ikimwingia anaifuta kwenye leso.

Hamu ya kupanda KICC si mpya. Geoffrey anasema kila alipoenda nyumbani Krismasi, wazee walimwuliza kama ameshapanda ile nyumba ndefu.

"Nilikuwa nawaambia, haiendi mahali. Nitapanda tu," anasema. "Ni kweli, haikuenda mahali. Ni mimi naenda."

Mwezi wa tano, baada ya Nashon kupiga simu na kusema mgonjwa akae karibu na watu wake, Jael aliamua kwenda kuangalia mwenyewe. Hakumwambia mumewe. Jumapili baada ya ibada alibaki na kitenge chake cha kanisani, akateremka mjini, akasimama mbele ya jengo hilo kwa muda akiwatazama watu wanaoingia. Wengi walikuwa na kamera. Alitazama viatu vyake, akavipangusa kwa leso, akasimama tena.

Mlinzi ndiye aliyemfuata.

"Mama, unatafuta nani hapa?"

"Sitafuti mtu. Natafuta juu."

Mlinzi alimweleza polepole, na Jael anayakumbuka maneno yote. Unatoa kitambulisho, unalipa kiingilio, unapanda lifti. Lakini lifti haifiki juu kabisa. Inakuacha, na kipande cha mwisho unapanda ngazi kwa miguu.

"Ni ngazi mingi?"

"Ni ya kutosha, mama. Kuna watu wa mazoezi nimewaona wakishika ukuta."

"Na mtu akichoka, anaweza kukaa?"

"Kukaa ni bure."

Hapo ndipo Jael alipoanza kupanga. Lakini jioni hiyo alipomweleza mumewe, Geoffrey hakuuliza habari za ngazi wala za pesa. Alikunywa chai yake yote, kisha akauliza kitu kimoja tu. Mtu akiwa huko juu, Laini Saba inaonekana?

Wakati huo walikuwa bado wanaishi Kibera, Laini Saba, kwenye ploti ya vyumba nane iliyo chini ya tuta la reli. Reli imeinuka, nyumba ziko bondeni, hivyo mtu anayetembea juu ya reli anaona mabati ya watu kama anavyoona meza. Jael alikuwa anatoka hapo alfajiri kwa miguu hadi Kawangware, na kurudi jioni.

Swali lile Geoffrey alilipeleka kwa rafiki yake Lusweti, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, mwenye karakana kando ya reli. Lusweti hakumficha.

"Kutoka town, Kibera yote ni bati moja imeshika kutu. Utajuaje yako ni gani, mzee?"

"Basi niwekee alama."

Siku waliyoifanya kazi hiyo ilikuwa Jumamosi mchana, watu wa ploti wakiwa vibaruani. Geoffrey alishika ngazi kwa mkono mmoja, ameketi kwenye kigoda. Lusweti alipanda juu ya paa na kopo la ile rangi nyekundu ambayo mafundi wa chuma hupaka kwanza kuzuia kutu. Fundi wa chuma akitaka kuonyesha mahali pa kutoboa au kukata, huchora mistari miwili inayokatana. Ndivyo mkono wake ulivyozoea, na ndivyo alivyofanya, kutoka pembe hadi pembe ya bati.

Alipomaliza, juu ya chumba cha Geoffrey na Jael palikuwa na X nyekundu inayong'aa.

Mtu wa mtaa mwingine huenda asione ubaya wowote hapo. Laini Saba, karibu na reli, kila mtu anaijua alama hiyo. Huchorwa kwenye kuta na milango ya nyumba zinazotakiwa kubomolewa, na ikishachorwa, watu huanza kutafuta mkokoteni. Lusweti, aliyezaliwa hapo hapo, anasema haikumpitia akilini hata mara moja.

"Hiyo ingine huwekwa kwa mlango," anasema. "Mimi nilikuwa kwa bati. Kichwa ilikuwa kwa kazi."

Saa kumi na moja jioni watu walianza kurudi kutoka vibaruani, wakitembea juu ya reli kama kawaida, na wakaiona. Wa kwanza alisimama. Wa pili akauliza. Wa tatu akasema sasa wanaweka alama juu ya mabati ili zionekane na ndege ya kupiga picha, na maneno ya huyo wa tatu ndiyo yaliyoshuka bondeni.

"Mimi nilipofika nilikuta vitanda njiani," anasema Jael. "Nikauliza, ni moto? Wakaniambia, ni yako ndio imeanzwa kuwekwa alama. Hata nikaingia nikaanza kufunga sufuria."

Geoffrey alikuwa amelala, dawa imemchukua. Alipoamshwa na kelele na kuelewa kinachoendelea, alitoka nje kuwaeleza watu. Lakini mtu asiye na pumzi hawezi kupigia kelele umati. Alisema na wa karibu, wa karibu hawakumwamini, na wa mbali hawakumsikia. Ni Lusweti aliyepanda tena juu ya paa na kopo lake mkononi, akasimama kwenye X yenyewe hadi watu wakanyamaza.

Kufikia hapo, wapangaji watatu walikuwa wameshahama. Na Rosebella alikuwa ameshauza kibanda chake.

Rosebella alikuwa jirani yao wa mlango wa tatu. Aliuza omena na mboga kando ya reli. Aliwahi kubomolewa kibanda kimoja miaka ya nyuma, bidhaa zikiwa ndani, na tangu siku hiyo alijiapia kuwa hatangoja tena. Jioni hiyo alikitoa kibanda mbao kwa mbao, akamwuzia mnunuzi wa mbao na vyuma kuukuu aliyekuwa akipita, kwa bei isiyofika hata ya gunia moja la makaa. Ukweli ulipojulikana, mnunuzi alikuwa ameshapotelea mbali na mkokoteni wake.

Jael alimfuata mlangoni kumwomba msamaha. Rosebella alikuwa ameketi kitandani, beseni la omena miguuni, limefunikwa kwa gazeti.

"Mama Ryan, niambie tena," akasema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Ilikuwa ya nini?"

"Ni Baba Ryan. Alitaka aone nyumba akiwa juu."

"Ati aone akiwa juu," Rosebella akarudia. "Mimi nilikuwa naiona nikiwa chini."

Kesho yake Kagiri, mwenye ploti, alikuja kutoka Kawangware na kopo la rangi nyeusi na brashi yake mwenyewe. Alikuwa amepoteza kodi ya vyumba vitatu kwa jioni moja. Hakupiga kelele. Kwa Jael, hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mzee Geoffrey, miaka hiyo yote hujanisumbua hata siku moja," alisema, akiichovya brashi. "Sasa unaniwekea X kwa nyumba yangu mwenyewe."

Aliwaambia wasikae hapo, kwa sababu watu walikuwa na uchungu na yeye hawezi kulala mlangoni kwao kuwalinda. Akawapa chumba katika ploti yake nyingine, Kawangware, sehemu iitwayo 46, kwa shilingi elfu tatu kwa mwezi. Ni chumba cha mwisho, kimepakana na choo, na kitanda kikishaingia, mtu mmoja akisimama mwingine lazima akae. Dirisha lipo, lakini limetazamana na ukuta wa jirani. Kwa kifua cha Geoffrey, hewa ya hapo ni ya kugawana na watu wengi.

Waliondoka Laini Saba na mzigo wa mkokoteni mmoja. Majirani waliokuwa wakimwita Geoffrey mzee wa ploti walisimama milangoni mwao, na mmoja tu alikuja kushika mguu wa kitanda.

Kwa Rosebella, Jael hakujua afanye nini. Pesa hakuwa nazo. Basi Jumamosi mbili mfululizo alirudi Laini Saba, akamfulia nguo zote, hadi blanketi na pazia. Rosebella alimwacha afue. Alikaa mlangoni akiwatazama watu wanaopita juu ya reli, pale palipokuwa na kibanda chake.

"Alinipatia sabuni," anasema Jael. "Hakunipatia chai."

Baada ya kuhamia Kawangware, Geoffrey hakuitaja KICC tena. Alipoulizwa alisema, nikaone nini. Usiku alikohoa akiutazama ukuta, na Jael akawa anajua kwamba hajalala kwa sababu vidole vyake vilikuwa vikihesabu kitu kwenye blanketi. Nashon alipopiga simu na kutaja siku ya kuja, Geoffrey alisema sawa, kama mtu anayekubali kuongezewa sukari.

Jael ndiye aliyekataa kuacha. Alizungumza na Kavoi kuhusu ngazi za fleti. Alimwomba mteja wake wa siku za Jumatatu amhamishie kazi Alhamisi. Alipanga waondoke nyumbani saa tatu, msongamano wa asubuhi ukishapungua. Atabeba uji kwenye chupa ya chai, sweta ya pili kwa sababu ya upepo wa huko juu, dawa ya kuvuta, na kipande cha boksi cha kukalia, kwa kuwa sakafu ya saruji humwingiza mgonjwa baridi. Ameshapiga pasi shati la Geoffrey na kulitundika msumarini, limefunikwa kwa karatasi.

Siku ya kwanza ya mazoezi Geoffrey alifika ghorofa ya kwanza. Alipanda ya pili siku chache baadaye, kisha hakusogea tena. Mara moja tu aliifikia ya tatu, akakaa hapo hadi midomo ikarudi rangi yake, na Jael aliogopa kiasi kwamba alimshusha kwa kumshika kiunoni na nguo za mteja zikabaki kwenye beseni hadi mchana.

Leo pia kikohozi hakisogei. Jael anamaliza kubana soksi ya mwisho, anachukua beseni tupu na kushuka. Anamkuta palepale kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Anaketi ngazi moja chini yake, beseni mapajani, na kwa muda wanasikiliza redio ya mpangaji fulani ikisoma matangazo ya vifo.

"Baba Ryan," anasema. "Kama ni hao wazee wa nyumbani, wacha tuwaambie tu hukufika. Hawatakukula."

"Wazee gani?"

"Wenye walikuwa wanakuuliza kama umepanda."

Geoffrey anatikisa kichwa. Anavuta dawa, anangoja ishuke.

"Wengine wao wameshakufa. Hakuna mwenye ataniuliza."

"Sasa ni ya nini? Tumefukuzwa sababu ya hiyo kitu. Mwenzetu amepoteza kibanda. Niambie ni ya nini."

Mpangaji mmoja anashuka na mtoto mgongoni, anawasalimia, wanajibanza ukutani apite.

"Mimi naenda na Nashon," Geoffrey anasema hatimaye. "Wewe unabaki. Utabaki hapa utafute pesa ya dawa. Tumesema hivyo, si ndio?"

"Tumesema."

"Mimi Nairobi naijua ya chini pekee. Ya chini ni kona kona. Nikifunga macho sijui wewe uko upande gani, huku ama huku." Anaonyesha kwa mkono, kulia, kushoto. "Nilitaka kuiona mara moja yote, na wewe ukiwa ndani. Ndio nikilala kule nyumbani nijue nageukia wapi."

Jael anatazama ndani ya beseni. Miezi yote hiyo alidhani ni aibu ya mwanamume mbele ya wenzake.

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Anainuka, anamshika mumewe mkono wa juu, karibu na bega, jinsi anavyoinua karai lililojaa. Geoffrey anapanda ngazi moja. Anasimama. Anapanda ya pili. Hawafiki ghorofa ya tatu leo. Kwenye ngazi ya sita anatikisa kichwa, na wanashuka.

Jioni, akiwa amekaa nje ya chumba chao cha huko 46, akimenya viazi vinne kwa ajili ya chakula cha usiku, Jael anasema mpango haujabadilika. Nashon anaingia Jumatano. Jumatatu wataenda. Geoffrey yuko ndani amelala, na mlango umeachwa wazi kwa sababu ya hewa.

Na ngazi zile zikimshinda?

"Nitakaa na yeye hapo zimemshindia. Sitapanda peke yangu nimwache. Nikuje nimwambie kuko vipi? Si yangu hiyo, ni yake." Anakikata kiazi, anakitumbukiza majini. "Mlinzi alisema kukaa ni bure. Tutakaa, apumzike, tujaribu tena. Wakitufukuza saa ya kufunga, basi."

Anafikiri kidogo, kisu kimesimama juu ya kiazi cha pili.

"Lakini akifika, mimi nataka kitu kimoja tu. Anyooshe kidole aseme, Mama Ryan, wewe utakuwa pale. Mimi nitasema ndio. Hata kama ameonyesha Ngong, nitasema ndio."